Makosa Arobaini ya Stesheni ya Babu

Jumamosi, 8 Juni

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: siikumbuki treni ya mwisho. Hata kidogo. Hata honi yake.

Nyumba nzima inaamini naikumbuka. Babu huwasimulia wageni wote. Kwamba nilikuwa na miaka minne. Kwamba alinisimamisha juu ya kasha la vifurushi pale jukwaani, nikapunga leso yake nyeupe mpaka behewa la mwisho likapotea, nikalia kamasi zikanifika kidevuni. Hapo wageni hunigeukia. Mimi huitikia kwa kichwa. Miaka kumi na moja naitikia kwa kichwa! Nilipokuwa na miaka saba nikazidisha, nikasema nakumbuka na harufu ya oili. Babu alifurahi mno, akaninunulia biskuti. Tangu siku ile sina njia ya kurudi nyuma.

Yote ninayoyajua kuhusu stesheni ile nimeyapata kwa Babu, aliyekuwa stesheni masta wake miaka thelathini na moja. Ndiyo maana naijenga. Iko sebuleni nyuma ya kochi, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye masanduku mawili. Mataruma yanayobeba reli ni vijiti vya kiberiti. Kokoto ni maganda ya mayai niliyoyasaga. Miti ni sponji la kuoshea vyombo (Mama bado analitafuta). Kichwa cha treni ni boksi la dawa ya meno, kinavutwa na mota niliyoitoa kwenye redio kaseti mbovu. Nikiimaliza, nadhani nitakumbuka.

Leo pigo. Mama ametangaza wakati wa chai: Babu anahamia kwa Shangazi Jumapili ijayo. Magoti. Sisi tuko ghorofa ya tatu, ngazi sitini na mbili. Shangazi ana nyumba ya chini yenye bustani. Baba yuko kazini mbali, lakini amekubali kwa simu. Babu mwenyewe amesema haidhuru. Mimi nimesema chai imeniunguza ulimi, nikatoka.

Lakini nina mpango! Mwezi uliopita nilikosea benchi la abiria, nikaliweka likitazama ukuta. Babu akasema sivyo hivyo, akavuta kiti, akanisimulia saa mbili nzima: benchi lile, fundi aliyelitengeneza, na mama mmoja aliyejifungulia juu yake treni ilipochelewa. Kosa moja, saa mbili. Basi nikikosea makusudi kila siku, Babu atakuwa na kazi isiyoisha. Na stesheni masta haondoki kazini kabla kazi haijaisha, amesema mwenyewe. Nimeandika orodha ya makosa arobaini. Wakati mwingine najishangaa.

Jumapili, 9 Juni

Kosa la kwanza: paa la ofisi. Lilikuwa jekundu, nimelisikia mara mia. Nimelipaka kijani. Kijani kibichi kabisa, mtu asiyeona vizuri naye angeshtuka.

Babu alikuja na kikombe chake saa nne asubuhi. Aliinama, mikono nyuma, kama anakagua behewa. Nilishika penseli tayari. Akatazama paa. Akatazama tena. Akasema, safi sana, mjukuu wangu. Akaenda kusikiliza redio.

Safi sana?

Huenda ni mwanga. Kesho nitafungua pazia.

Jumatatu, 10 Juni

Shuleni nilikaa maktaba mapumziko yote nikichora. Wenzangu waliniuliza nachora nini. Nikasema ramani. Sikutaka maswali. Mkutubi alinipa karatasi za nyuma za rejista ya zamani, akaniambia nikipata nafasi ya kutabasamu nisiiache. Sijui alimaanisha nini.

Jioni, kosa la pili mpaka la tano, kwa pamoja. Mlango wa ofisi nimeugeuza, sasa unatazama vichakani. Stesheni masta wa stesheni yangu akitaka kuiona treni inabidi aruke dirisha. Nikafungua pazia. Nikawasha na taa.

Babu alisimama muda mrefu. Akajikuna sikio. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama hivyo ndivyo ninavyopakumbuka. Nikasema ndiyo Babu, napakumbuka vizuri sana. Akasema, basi. Akanipapasa kichwani, akaondoka.

Basi! Neno moja! Nilitegemea saa nane za hadithi.

Mengineyo: Kaka amegundua shati lake jeupe halina vifungo vinne. Anaapa walikuwa wote juzi. Nimemwambia vifungo havihesabiwi kama watu. Akaniambia, we Maktaba, nikikukamata utakula kurasa. Ana usaili wa kazi Alhamisi. Vifungo ni magurudumu ya kiberenge changu na vimeshakauka gundi, kwa hiyo mjadala umefungwa.

Jumanne, 11 Juni

Kiberenge kimekamilika! Ni kile kigari kidogo walichokuwa wakisukuma kwa mikono kukagua reli. Cha kweli kilikuwa ubao na magurudumu manne tu, wakaguzi wanakaa miguu ikining'inia. Cha kwangu nimekitengeneza kwa ganda la kiberiti, nikakiwekea paa, madirisha sita na mapazia. Mapazia ya maua! Nimeyakata kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama, kile cha zamani. Nadhani ni kile cha zamani.

Hakuna mtu wa reli anayeweza kuvumilia kiberenge chenye mapazia. Nilikuwa na hakika.

Babu alikiinua mkononi. Akakigeuza. Midomo ikamcheza. Nikajisogeza. Akasema mapazia yanasaidia kuzuia vumbi.

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike.

Maana sasa nimeelewa. Babu anasahau. Stesheni inamtoka kichwani kipande kwa kipande, na mimi ndiye ninayemwongezea uongo juu yake. Nilimwendea Mama jikoni nikamwuliza kwa mzunguko kama wazee husahau. Akasema wapo. Nikamwuliza Babu je. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema asubuhi hii hii baba mkwe wake, yaani Babu, amemkumbusha chombo alichokiazima miaka mitatu iliyopita, rangi yake na kifuniko chake. Akamwita Babu aje ataje ratiba ya Jumatano. Babu alitaja treni zote za siku hiyo, za kwenda na za kurudi, pamoja na ile iliyokuwa ikichelewa kila mara kwa sababu dereva alikuwa na mchumba njiani.

Anakumbuka kila kitu isipokuwa meza yangu. Ni afadhali angesahau vyote.

Jumatano, 12 Juni

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Mzee Bendera!

Mzee Bendera anakaa ghorofa ya chini. Alifanya kazi chini ya Babu miaka kumi na tisa: kupunga bendera na kugeuza reli pale zinapogawanyika. Kila jioni Babu hujikokota mpaka chini, wakacheza drafti penye ngazi ya kwanza, wakitukanana kwa heshima. Nilijua akiona makosa yangu atayataja, Babu atazinduka, na hapo hadithi zitamwagika.

Nilimpandisha taratibu. Alipumzika kila ghorofa akilaumu magoti yake, ya Babu, na ya aliyejenga jengo. Akafika mezani. Akavaa miwani. 

Kisha: "Zahanati hii ya wapi?"

Nilifurahi nusura nimkumbatie. Akaendelea mwenyewe. Paa la kijani! Nani alikuwa na paa la kijani? Mlango umeangalia porini, masta alikuwa akiuza tiketi kwa nyani? Na hii nini, mbona kiberenge kimevaa gauni? Mimi naandika, naandika. Makosa tisa kwa dakika mbili.

Ndipo Babu akasema kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka, kwamba paa lilikuwa la kijani.

Penseli ilinidondoka.

Mzee Bendera akauliza, "Masta, unaumwa?" Babu akasema haumwi. Kijani. Yeye ndiye aliyetia sahihi rangi ilipoletwa. Mzee Bendera akasema yeye ndiye aliyepanda juu kuipaka, na siku tatu nzima alikuwa mwekundu mpaka mkewe akamkataa mlangoni. Babu akasema huyo mke alikuwa na sababu nyingine. Wakatoka kwenye paa wakaingia kwenye mlango. Babu akautetea! Wakaingia kwenye kiberenge. Babu akatetea mapazia! Alisema yalikuwepo, ila Bendera alikuwa hapandi kiberenge cha wakubwa ndiyo maana hakuyaona.

Hilo lilimkata Mzee Bendera. Akavua miwani, akaikunja polepole. Akasema miaka kumi na tisa alimwita mtu huyu masta, na leo ndiyo anajua kwa nini treni zilikuwa zikichelewa. Akashuka ngazi zote bila kupumzika hata mara moja.

Nimepata makosa tisa yaliyosahihishwa na wazee wawili waliogombana. Sijui niandike kwenye safu gani.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuna drafti leo. Mzee Bendera alikaa mahali pale pale, ubao magotini, akicheza peke yake, mgongo kwa ngazi. Nilipomwamkia shikamoo alijibu marahaba akiutazama ukuta.

Kaka alikwenda kwenye usaili shati limeshikwa na pini. Moja ilifunguka alipokuwa akieleza uwezo wake wa kufanya kazi bila kusimamiwa.  Aliporudi alikwenda nyuma ya kochi akabandua magurudumu manne, mbele yangu, moja moja. Kiberenge sasa kimekaa tumbo chini katikati ya reli, na mapazia yake. Nilistahili.

Mama amesema hawaelewi wazee hawa. Urafiki wa miaka yote hiyo, zimebaki siku tatu Babu aondoke, nao wanazitupa kwa ajili ya nini? Rangi ya paa?

Mimi naelewa ni kwa ajili ya nini. Nilipaswa kusimama pale pale jikoni niseme yote. Nilifungua mdomo. Nikaomba chumvi.

Lakini sikukaa bure. Nimeandika barua! Kutoka kwa Babu kwenda kwa Mzee Bendera, ya kumwomba radhi. Nimeiga mwandiko wa Babu, ule wa kulalia upande. Rasimu nne. Ya mwisho ilinitoa machozi mwenyewe. Nimeipenyeza chini ya mlango wake nilipotumwa dukani. Kesho watapatana na hakuna atakayejua.

Ijumaa, 14 Juni

Wamejua.

Nilitoka shule nikamkuta Mzee Bendera sebuleni, jasho linamtiririka, barua mkononi. Amepanda ngazi zote sitini na mbili ili aisome kwa sauti. Akasoma mbele ya Babu, Mama na Kaka. Alipofika penye "Aidha, napenda kukiri kwa moyo mkunjufu" akasimama. Akasema amemfahamu masta huyu tangu hana mvi. Hajawahi kuomba radhi. Hata alipomkanyaga. Na siku akiomba, hataanza na aidha.

Wote wakanigeukia. Kaka alicheka mpaka akateleza kwenye kochi.

Nilitamani sakafu ipasuke nikaangukie kwa majirani. Lakini Mzee Bendera alikuwa bado na la kwake. Akamwuliza Babu, taratibu safari hii, hilo paa. Kati yao wawili. Lilikuwa la rangi gani?

Babu akatazama mikono yake. Akasema mtoto analikumbuka kijani. Alikuwa na miaka minne, alilia siku ile, na hicho ndicho alichobaki nacho. Yeye hawezi kuja sasa, mguu mmoja mlangoni, amnyang'anye. Aache libaki kijani.

Kwa hiyo alikuwa ameyaona yote! Tangu siku ya kwanza! Paa, mlango, mapazia. Kila siku anayaona, anameza mate, anasema safi sana. Kwa ajili yangu. Akampoteza na rafiki yake kwa ajili ya hilo.

Mzee Bendera akasema, "Mtoto gani, masta? Huyu hakuwepo!"

Jikoni, alikokuwa amerudi Mama, bomba likafungwa.

Mzee Bendera akasema siku ile jukwaani walikuwa watu wawili na mbwa. Yeye, masta, na mbwa wa mpishi wa stesheni. Hapakuwa na mtoto wala leso. Mama akatoka akifuta mikono, akasema kwa upole kwamba ni kweli, ila hakutaka kumwaibisha Babu mbele ya wageni. Nilikuwa na tetekuwanga. Nilikuwa nimelala ndani, nimepakwa dawa nyeupe mwili mzima.

Nilikaa juu ya sanduku. Miaka kumi na moja najilazimisha kukumbuka siku ambayo nilikuwa kitandani!

 Babu akaeleza, macho kwenye ndara zake. Alidhani watu watakuja. Thelathini na moja ni miaka mingi, watu wengi walipita mikononi mwake, wengine aliwashikia treni wasiachwe. Alipiga kengele mara tatu badala ya mbili, awape nafasi. Hakuja mtu. Baadaye mgeni mmoja akamwuliza nani alikuja kuiaga treni. Akaona aibu kusema mbwa. Akasema mjukuu wangu. Ilikuwa mara moja tu. Halafu siku moja mimi mwenyewe nikasema nakumbuka harufu ya oili, na yeye akaanza kufikiri labda nilikuwepo.

Ikawa zamu yangu. Nilisema haraka, kama ninavyosoma darasani nikiitwa mbele. Kwamba sikumbuki chochote. Kwamba makosa yote niliyafanya makusudi. Kwamba ana orodha, yaani mimi ndiye mwenye orodha, ni arobaini, na nilitaka asimalize ili asiondoke.

 

Mzee Bendera ndiye aliyetangulia kusema. Akauliza, kwa hiyo lilikuwa jekundu?

Babu akafoka, jekundu, jekundu, lilikuwa jekundu, unadhani mimi mwendawazimu? Na hayo mapazia siku nne yananikosesha usingizi!

Wakavuta viti. Mmoja huku, mmoja kule. Wakaomba orodha. Na hapo ndipo msiba wangu ulipoanza, maana wawili hawa pamoja si kama mmoja. Babu akianza, Bendera anamaliza. Makosa yote arobaini yalisahihishwa kabla ya chakula cha jioni! Akiba yangu yote! Wakaongeza na sita ambayo sikujua kwamba ni makosa.

Stesheni imekamilika. Hakuna kilichobaki cha kumzuia.

Jumamosi, 15 Juni

Masanduku ya nguo yamefungwa. Redio imefungwa. Miwani imefungwa kwa bahati mbaya, ikafunguliwa, ikafungwa tena.

Asubuhi Babu aliniita mezani. Mzee Bendera alikuwepo, amepanda tena, anasema amezoea. Babu aliniomba watu wa jukwaani. Nilitengeneza kwa nta ya mshumaa: stesheni masta mmoja na kofia, mpunga bendera mmoja, mbwa mmoja. Mzee Bendera alitaka awe mrefu zaidi. Nikamwongezea shingo. Akaridhika.

Babu akaniuliza kama imebaki nta. Nikasema ipo kidogo. Akasema basi weka na mtoto.

Mzee Bendera akamkumbusha kwamba hakuwepo. Babu akasema anajua. Nimweke tu.

Nikamtengeneza. Saizi ya punje ya mahindi. Kaka akapita akasema bila vipele hajatimia, nami nikamtia nukta nyeupe kwa ncha ya sindano, ishirini na mbili. Babu alimshika kwa vidole viwili akamweka mwenyewe, jukwaani, karibu na masta. Kidole chake kikamwangusha mbwa. Tukamwinua mbwa.

Kisha nikaunganisha betri. Treni ikatoka polepole, boksi la dawa ya meno na mabehewa matatu, ikapita paa jekundu, ikazunguka nyuma ya sponji. Babu na Mzee Bendera walisimama. Wote wawili, wima, magoti na yote, mpaka behewa la mwisho likapita.

Nimejifunza sana wiki hii. Nimeapa sitadanganya tena. Ni jambo la kitoto, na mtu hujisikia vizuri zaidi mwishowe akisema ukweli. Nimeipigia mstari sentensi hii.

Jumapili, 16 Juni

Shangazi alifika saa tatu. Alitaka stesheni iende pia. Tulipima. Mlango ni mrefu kuliko gari lake. Babu akasema iache hapo hapo, stesheni haihami, ni watu wanaohama.

Alishuka ngazi kwa nusu saa. Mzee Bendera alitangulia chini akampokea. Walisema watacheza drafti kwa simu, na wakaanza kugombana hapo hapo nani atashika ubao. Mama alilia. Kaka alibeba masanduku yote mawili akijifanya ni mepesi. Mimi Babu alinishika bega, akasema stesheni ile sasa ni sahihi, haina hata kosa moja, nami niitunze. Nikaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka.

Nilipanda juu. Sebule ilikuwa kubwa. Nilikaa nyuma ya kochi nikaitazama stesheni. Kweli haikuwa na kosa. Niliitazama kama robo saa hivi.

Kisha nikachukua kifuniko cha chupa, nikakipaka dawa ya meno ya buluu, nikailaza kwa kisu mpaka ikawa kama maji. Nikakibandika nyuma ya ofisi ya stesheni masta. Nikatengeneza ngazi ndogo ya kushukia kwa waya. Nikaazima simu ya Mama, nikapiga picha, nikaituma kwa Shangazi amwonyeshe Babu. Chini yake niliandika kwamba nimepata habari za uhakika, na nikamwuliza bwawa la kuogelea la wafanyakazi lilifukiwa mwaka gani.

Simu iliita kabla sijamaliza kunawa. Nikafuta mikono, nikavuta kiti, nikapokea.